Swichi Niliyoifunga kwa Bati

Kageha mwanangu,

Umeenda Boito kumuaga shangazi yako, na mvua ya alasiri imeshaanza kupiga mabati, kwa hiyo najua hutarudi mapema. Nimekaa kwenye meza ya jikoni na daftari lako la zamani la hesabu, lile lenye kurasa safi nyuma. Mama yako ameniachia chai, akachukua mwavuli, akatoka. Ametoka makusudi, maana anajua ninachoandika.

Habari za sweta, sufuria na mafuta ya taa ameshakuambia yeye, tena mara tatu nikisikia, na baridi ya huko Londiani unakohamia kesho haina mzaha, kwa hiyo msikilize. Mimi sina la kuongeza hapo. Wala sitakufundisha jinsi ya kuishi na watu, kwa maana tangu ukiwa darasa la nne umekuwa ukinifundisha mimi. Nina jambo moja tu, na ni lazima ulijue kabla hujaketi kwenye meza ya Mzee arap Sang kesho. Utauona mkono wake wa kulia. Utashtuka, na kwa adabu uliyo nayo hutauliza.

Mkono ule uliungua kwa sababu yangu, na yeye hajui.

Wewe unamjua arap Sang kama yule mzee anayetutumia gunia la viazi kila baada ya mavuno. Aliposikia umepata kazi ya kufundisha shule ya msingi kule kwao, alituma ujumbe kwa dereva wa lori la maziwa kwamba mtoto wa rafiki yake Jumba hawezi kupanga chumba sokoni yeye akiwa hai. Ulifurahi ukaruka, mama yako akafurahi, na mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta jembe. Mama yako aliona, kwa sababu jembe lilikuwa mlangoni.

Kabla ya viazi, arap Sang alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda hiki hiki chetu cha chai, na mimi nilikuwa fundi wa stima. Yeye Mkipsigis wa hapa hapa, mimi Mmaragoli niliyekuja kuchuma majani nikaishia kwenye chumba cha swichi kwa sababu nilijua kusoma. Tulikuwa marafiki wa kweli. Wewe ulikuwa na miaka saba, na alikuwa akikubeba mabegani mkitoka kanisani. Nadhani umesahau.

Acha nianze na swichi, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kosa. Najua ukisikia neno hilo unafikiria kile kidude cha ukutani cha kuwashia taa. Zile za kiwandani ni sanduku la chuma lenye mpini. Ndani mna vipande vya shaba. Vikigusana stima inapita, vikiachana inakatika, na mpaka hapo hakuna ajabu. Lakini vipande hivyo havitaki kugusana. Nyuma yao kuna springi nene, inayoweza kukuvunja kidole, na kazi yake ni kuvitenganisha tu. Ukiusukuma mpini juu unashindana na springi hiyo mpaka usikie tak, na hapo ndoano ya chuma, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, inanasa na kuvishikilia pamoja. Wewe unaondoa mkono unaenda zako kunywa chai. Ile ndoano inabaki imeshikilia peke yake wiki nzima, mwezi, mwaka.

Siku yule mzee Kalasinga, Mhindi wa kilemba aliyenifundisha kazi, aliponifungulia sanduku nikaona, nilisahau kujibu alichoniuliza. Sikushangazwa na jinsi ndoano inavyoshika. Nilishangazwa na inavyoachilia. Stima ikizidi, mota ikilemewa au nyaya zikigusana, kuna kipande kingine kinachorushwa na stima yenyewe, kinaigusa ndoano kidogo tu, na shaba zinaachana kabla hujapepesa jicho. Na nguvu ya kuachana inatoka wapi? Inatoka kwenye mkono wako, Kageha. Uliposukuma mpini juu asubuhi ili stima ipite, ulikuwa papo hapo unaikaza springi itakayoikata stima hiyo siku ya hatari. Huwezi kuwasha bila kuweka ndani yake nguvu ya kuzima. Nilikuwa nimekwenda kanisani tangu utotoni, na sijui kama nilikuwa nimewahi kunyamaza mbele ya kitu namna ile. Nilimwomba mzee anionyeshe tena. Alinionyesha mara nne, akachoka, akanifukuza.

Mzee huyo alikuwa na Kiswahili chake mwenyewe, na hapa ndipo mambo yanapoanza kuharibika. Kwake yeye, kufunga ni kuzifunga zile shaba pamoja, yaani kuwasha. Aliniambia siku ya kwanza, kidole kikiwa juu, "Wewe hapana sahau. Funga, stima napita. Fungua, stima nakufa." Nami sikusahau. Ndani ya chumba cha swichi tuliongea hivyo miaka yote. Lakini ukitoka hatua tano tu nje ya mlango, kwa watu wa rola, zile mashine za kusaga majani, au wa kukausha, ukisema funga mashine, wanaizima. Hata wewe ukitaka kulala huwa unaniambia nifunge redio. Kiwanda kizima kilikuwa kinatumia neno moja kwa maana mbili zinazopingana, na sisi tulikuwa tukilicheka. Arap Sang akipita mlangoni alikuwa akinitania, "Jumba, leo umefunga ya Kalasinga ama umefunga ya watu?"

Siku yenyewe ilikuwa baada ya mvua ya wiki mbili kufuatwa na jua kali, na unajua chai inavyofanya hapo. Malori ya majani yalipanga foleni mpaka getini. Majani yaliyokwisha kunyauka yalikuwa yakingoja rola ziyasage, na yakingoja sana yanachacha. Kila rola ilikuwa na swichi yake chumbani kwangu, na ile ya rola namba tatu ilikuwa ikiruka tangu asubuhi. Nikiupandisha mpini inakaa dakika kumi, halafu tak, imeanguka, na rola imesimama. Msimamizi wa zamu alikuja mara ya tatu akiwa amejaa hasira. "Jumba, funga hiyo kitu isiruke tena," aliniambia. "Majani inaoza."

Nilijua kwa nini inaruka. Mota ya ile rola ilikuwa imechoka, inavuta stima kupita kiasi, na swichi ilikuwa inafanya kazi iliyotengenezewa. Mimi niliyeistaajabia mpaka nikafukuzwa, siku ile niliichukia. Ilikuwa inaniaibisha mbele ya watu, inanifanya nionekane fundi asiyejua kazi. Nikaokota ukanda wa bati, ule unaokazwa kwenye kingo za masanduku ya chai. Nikauzungusha mara mbili kwenye mpini, nikaupitisha kwenye bolti ya fremu juu yake, nikaukaza kwa koleo. Nikarudi nyuma nikaitazama kazi yangu. Mungu anisamehe, niliridhika nayo.

Rola yenyewe ilikuwa bado imesimama, kwa sababu ina kisanduku chake cha kuianzisha hapo ubavuni, na hakuna aliyekuwa amekibonyeza. Ukiitazama ungedhani haina stima. Arap Sang alikuwa amechoshwa na mashine hiyo kama mimi, akaamua aangalie ndani ya kisanduku huenda ubovu uko huko. Alikuja mlangoni kwangu na spana mkononi. Rola nyingine zilikuwa zinanguruma. Akapaza sauti, "Umefunga?"

"Nimefunga," nikamjibu. "Nimefunga kabisa."

Miaka kumi na mmoja sasa nimeyapindua maneno hayo kila upande. Yeye aliuliza kama nimezima. Mimi nilikuwa nimewasha, tena nimefunga kwa bati, na katika fahari yangu nikadhani anauliza kama nimeimaliza ile shida ya kuruka. Kila mmoja alisema kweli kwa lugha yake. Laiti angenitania siku ile kama kawaida yake, ningekumbuka. Lakini alikuwa na haraka, akageuka akaenda.

Alifungua kile kisanduku na spana ikagusa nyaya mbili kwa pamoja. Niliona mwanga mweupe ukipita mlangoni, mweupe kuliko jua, na nikasikia tak. Ile ndoano ilikuwa imeachilia, Kageha. Ilifanya kazi yake papo hapo, kama ilivyoumbwa. Springi ikauvuta mpini kwa nguvu zake zote, na ukanda wangu wa bati ukauzuia. Niliuona mpini unatetemeka. Ulikuwa unataka kushuka na haukuweza, na kule kwenye rola mwenzangu alikuwa anaungua. Nilishika koleo na mikono haikujua pa kukata. Halafu kiwanda chote kikanyamaza. Swichi kuu, ambayo sikuwa nimeigusa, ilikuwa imehisi mambo yamezidi ikaachilia, na rola na feni na mikanda yote ikasimama pamoja. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Ndani yake nikamsikia arap Sang akilia.

Kama nisingeufunga ule mpini, angepata mshtuko na malengelenge, labda. Kupishana kwa neno peke yake kusingetosha kumla mkono. Bati langu ndilo lililoula.

Na sasa nakuambia kibaya zaidi. Kabla sijakimbia kwake, nilikata ule ukanda nikautia mfukoni. Mpini ukashuka wenyewe, ukakaa pale chini kama swichi isiyo na hatia. Ndipo nikakimbia. Sijui nilitumia muda gani, labda ule wa kuvuta pumzi tatu, lakini nilimwacha mtu sakafuni ili nijifiche kwanza.

Meneja alipouliza, arap Sang akiwa hospitali Kericho, nilisema kweli tupu. Nilisema aliniuliza kama nimefunga, nami nikamwambia nimefunga, na kwenye chumba cha swichi kufunga ni kuwasha. Mzee Kalasinga akaitwa akathibitisha, akiwa na huzuni, kwamba ndiyo, hivyo ndivyo alivyotufundisha. Swichi ilikutwa imeanguka, kwa hiyo iliandikwa kwamba swichi haina kasoro. Ikaandikwa pia kwamba fundi wa mashine alifungua kisanduku bila kuhakikisha. Mambo ya ukanda wa bati hakuna aliyeuliza, nami nilikuwa nimeshautupa chooni. Arap Sang alipotoka hospitali hakurudishwa kazini. Akahamia Londiani kwa ndugu za mke wake, akaanza viazi na ng'ombe kwa mkono mmoja na nusu. Mimi nilipandishwa cheo mwaka uliofuata, na ada yako ya sekondari imetoka kwenye cheo hicho.

Nilimtembelea hospitali mara moja. Nilikuwa nimejiandaa, njia nzima nikirudia maneno. Nilipoketi kando ya kitanda, akatangulia yeye. "Jumba, ni mimi nilisikia vibaya," akasema. "Hii Kiswahili yetu itatumaliza." Halafu akacheka, na bendeji mpaka kwenye kiwiko. Mtu akicheka nawe hivyo anakupa mlango wa kupita, na mimi nilipita. Nilimenya chungwa, nikamlisha kipande kimoja kimoja, nikaenda nyumbani.

Miaka ikaenda. Unakumbuka ule mwaka kiwanda kilipoleta ubao mpya wa swichi, nikarudi nyumbani nikakataa kula, mkadhani nina malaria? Siku hiyo alikuja fundi kutoka Nairobi, mtu mchangamfu, mwenye maneno mengi. Aliondoa kifuniko cha swichi mpya ili nione ndani. Akaniambia niusukume mpini juu, nikausukuma. Akaniambia niushikilie hapo kwa mikono miwili, nikaze kweli, nisiachilie kwa lolote. Nikakaza. Kisha akaigusa ndoano kwa bisibisi.

Mpini ulibaki juu mikononi mwangu, sikuwa nimeachilia hata kidogo. Lakini ndani shaba zilikuwa zimeachana. Nilizitazama zikiwa mbali mbali na mikono yangu ikiwa bado inasukuma, na sikuelewa nasukuma nini. Akacheka jinsi nilivyotoa macho. Akaniambia hata ningeufunga kwa mnyororo ingekuwa hivyo hivyo, kwa maana katika hizi mpya mkono wa mtu unaweza kuwasha lakini hauwezi kuzuia kuzima. "Kuna watu walikuwa wanazifunga na waya," akasema. "Sasa wenye kutengeneza wakajua hiyo tabia."

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya ghala la kuni nikalia kama mtoto. Nilikuwa naogopa, lakini si kuogopa kwa kawaida. Mahali fulani ng'ambo, mtu asiyenijua jina, asiyejua Kericho iko wapi, alikaa na penseli yake akanifikiria. Alijua kwamba siku moja kutakuwa na mtu mwenye haraka na fahari na kipande cha bati, na hakumtukana wala hakumhubiria. Alikitengeneza chuma kiwe na huruma kuliko mtu huyo. Mpaka leo, nikipita kwenye ubao ule asubuhi, kuna wakati nasimama tu nikaangalia. Vijana wa zamu wanadhani nakagua.

Nimejaribu kuwa na kitu kama hicho ndani yangu na sijakipata. Kila viazi vilipofika, niliamua nitakwenda, halafu nikajishika. Nimejishika vizuri sana, kwa nguvu, kwa miaka kumi na mmoja. Naandika hili ili ujue baba yako ni mtu wa namna gani. Sitaki uje kumjua kutoka kwa mtu mwingine. Ukikuta kitu ndani yako kinachotaka kuanguka, mwanangu, sijui nikuambie nini. Mimi niliufunga mpini wangu, na nimekueleza ulivyotetemeka.

Jumatatu nilimwambia mama yako yote. Alikuwa anamenya ndizi. Alimaliza kumenya, akaosha kisu, akakifuta. Halafu akasema, "Mtoto hatalala kwa huyo mtu kwa uongo wako." Tangu hapo ananipa chakula na salamu, na zaidi ya hapo bado. Simlaumu. Amekula vile viazi miaka yote akimwombea aliyevileta.

Kwa hiyo sikiliza. Nilikuambia nitakusindikiza mpaka stendi ya Kericho tu. Nitakwenda na wewe mpaka Londiani. Tukifika kwa Mzee, nitaingia mimi kwanza. Wewe utabaki kwenye lango na sanduku lako, na usiingie wala usilifungue sanduku, hata mama wa nyumba akikushika mkono. Nitamwambia arap Sang habari ya bati mbele ya mke wake, kwa sababu yeye ndiye aliyemfunga vifungo vya shati miaka hii yote. Sitataja habari ya neno. Nimejificha nyuma ya neno lile vya kutosha.

Akitufukuza, tutakwenda. Nimeuliza kwa mchungaji wa kule, kuna chumba nyuma ya kanisa, kinavuja kona moja. Utalala hapo kwa sababu yangu, na utaanza kazi ukiwa umechoka kwa sababu yangu, na jina la baba yako litakuwa limekutangulia shuleni kabla hujaandika ubaoni. Najua ninakuomba ulipie kitu usichokula. Ningeweza kusubiri mpaka utulie, mwezi mmoja, muhula mmoja, na kila sababu ya kusubiri ni nzuri. Hizo sababu nazijua zote kwa majina.

Soma hii asubuhi kabla ya chai. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, tena usifanye haraka kumaliza. Ukitaka kusema, tutasema njiani, na ukitaka tunyamaze, nitabeba sanduku nikanyamaza. Nimekupenda tangu siku ile ulipozaliwa na nywele zimesimama wima, na sikuwahi kukupenda kuliko sasa ninapokuogopa.

Na kama Mungu atataka ajabu nyingine, kama yule mzee atanitazama, halafu amwambie mkewe alete mursik, yale maziwa ya kibuyu wanayomkaribishia mgeni, basi nitakuita uingie. Pokea kibuyu wewe, Kageha, unywe wewe kwanza. Mimi sijui kama mikono yangu itaweza kukishika.

Ni mimi baba yako,
Jumba